Kamera mpya au maiki?

SWALI: Shikamoo kaka. Tuko wawili tu, tunarekodi harusi na send-off hapa Morogoro kwa kamera moja ya miaka sita. Tumeweka akiba ya milioni mbili. Mwenzangu anataka kamera mpya, mimi nataka maiki. Tufanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nunueni maiki.

Mwaka wangu wa kwanza nilitegemea maiki iliyo juu ya kamera. Bibi yake bi harusi alitoa nasaha ndefu, taratibu, ameshika mkono wa mjukuu wake. Nyumbani nikasikiliza: jenereta tupu. Miezi michache baadaye bibi akafariki, familia ikaniomba ile sauti. Sikuwa nayo. Bado inaniuma.

Tafuteni maiki mbili za kubana kwenye nguo, zisizo na waya, zinazojirekodi zenyewe ndani. Mawimbi yakikatika, nakala ipo. Halafu kinasa sauti kidogo cha kuchomeka kwenye mikisa ya DJ (mashine yake ya kuchanganya sauti), maana hotuba zote zinapita pale. Nendeni mapema mkajaribu naye, na sauti muiweke chini kidogo. MC akishapiga kelele ikapasuka, haitengenezeki.

Chenji itakayobaki ni ya betri na standi imara.

Kamera yenu inatosha. Iwekeni fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na shata hiyo inaendana nao, hivyo taa nyingi za ukumbini zitaacha kupepesa kwenye picha.