Miti ya viazi vikuu haisubiri palizi

Wadogo zangu wa msimu huu, nimewaona. Vipande vimekatwa asubuhi, mchana viko tutani, utelezi bado unachuruzika. Jana nilinyamaza. Leo siwezi.

1. Kipande kikishakatwa, kipakeni jivu, kikae kivulini siku moja au mbili kidonda kikauke. Vya kichwa vipandwe peke yake, maana huchipua upesi kuliko vya katikati.

2. Miti ya kutambalia. Mwaka wangu wa kwanza nilisema itasubiri, palizi kwanza. Mashina yakatambaa chini, yakasongamana kama nywele zilizolaliwa bila kusukwa. Mwezi wa nne ndipo nikaja na miti yangu, napigilia kwa fujo. Wa tatu ukazama kwa ulaini wa ajabu. Nilipouchomoa, ncha imepakaa uji mweupe: nimechoma kiazi changu mwenyewe tumboni! Sikukoma. Jioni nzima nikazungusha mashina kwenye miti, taratibu, kama msuka ukili. Asubuhi yamejifungua yote, mengine yamekatika. Mzee wa shamba la pili akasimama, akatazama weee, akasema, “Mwanangu, umeyasokota kushoto. Kiazi hiki huenda kulia.” Akaondoka zake. Majani yaliyolala udongoni yalikwisha kushika madoa meusi ya ugonjwa wa chule, mvua ikamalizia kazi. Nilivuna viazi vya kuaibisha gunia.

3. Anayechanganya aina ashike shina. La aina iitwayo alata lina pembe nne zenye mapezi. La aina iitwayo bulbifera ni mviringo, husokota kushoto, na huzaa viazi kwapani mwa jani. Bulbifera ya porini msiionje, hata “kidogo tu”. Nyingi ni chungu na zina sumu, na mchemsho mmoja hauitoi.

4. Dawa. Kila msimu hakosi mmoja wa kuniambia kiazi kikuu kinaongeza homoni. Diosijenini, kemikali inayoweza kutengenezewa homoni, imo kwenye baadhi ya jamaa zake, kweli, na miaka ya 1940 mkemia Mmarekani Russell Marker aliitoa kwenye viazi pori vya Mexico akaigeuza projesteroni, homoni ya kike. Lakini aliigeuza maabara, si tumboni. Mwili hauna ufundi huo. Bulbifera iliyopondwa watu huibandika juu ya majipu, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na anayeinywa wiki nzima: imekwisha kuumiza maini ya watu.

5. Kuvuna, subirini majani yanyauke, na chimbeni mbali na shina.

Ule mti wa tatu ninao bado bandani. Anayetaka kuuona aje, ila aje amebeba na yake, kwa sababu matuta ya upande wa chini yameshachipua na sijaona mti hata mmoja.