Geji ya upepo wa tairi: ya mshale au ya dijitali?
Ndugu, kama ni ya kupimia upepo nyumbani kabla ya safari, chukua ya mshale. Haitaki betri, unaweza kuiacha kwenye buti miezi mingi na ukaikuta inafanya kazi. Ndani ina kibomba cha shaba kilichopinda. Upepo ukiingia, kinajaribu kunyooka na kuusukuma mshale. Ndiyo maana ikidondoka kwenye saruji huanza kudanganya. Iangalie kabla ya kuichomeka: mshale usiporudi kwenye sifuri, achana nayo.

Ya dijitali yenye taa inasomeka vizuri gizani, na kwa anayetoka alfajiri hilo si dogo. Ila nukta zisikuchanganye: kuandika PSI 32.5 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) si ushahidi kwamba ni sahihi kuliko mshale.

La muhimu kuliko yote, pima tairi likiwa baridi, gari likiwa limelala au limesimama kwa muda wa saa tatu hivi. Likitoka tu barabarani namba hupanda PSI kadhaa. Ukipunguza hapo, asubuhi utakuta upepo pungufu. Kiwango chako kipo kwenye stika ya mlango wa dereva. Ile namba ya ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu tu.