Mafuta ya transfoma na saratani

SWALI: Fundi wa kuchomelea mtaani kwetu hupoza mashine yake kwa mafuta ya transfoma kuukuu. Nasikia mengine hukaangiwa chipsi. Je, yanaleta saratani?

JIBU: Chipsi hizo usile kabisa. Transfoma nyingi za kabla ya miaka ya 1980 zilitiwa PCB, kemikali isiyoshika moto upesi. Mwaka 2013 IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, iliiweka Kundi la 1: inasababisha saratani kwa binadamu, hasa melanoma ya ngozi. Joto la karai, nyuzi 180 hivi, haliivunji. Hukaa kwenye mafuta ya mwili miaka mingi. Kuyachoma mafuta hayo jalalani ni kubaya zaidi, maana huzaa dayoksini, kemikali zenye sumu kali.

Kwa macho wala pua huwezi kuitambua PCB. Hutambulika kwa kipimo tu. Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zinazodumu, unalenga mafuta yenye PCB inayozidi miligramu 50 kwa kilo. Mashine ikishaingiwa na PCB, kubadilisha mafuta hakutoshi: masalia huchafua hata mapya. Fundi avae glavu za nitrili, aliyemwagikiwa anawe kwa sabuni (si petroli, hupenyeza zaidi), na asiyachanganye na oili chafu, kwani lita chache huharibu pipa zima.