Mshipi wa Familia: Tazameni Mwezi Kabla ya Kwenda Dukani

Barua za wiki hii nyingi zinauliza bei za fimbo za kuvulia samaki. Hizo nimeziweka kando.

Ami, shikamoo. Jumamosi tuliwapeleka watoto jetini Malindi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Tulifika saa tatu asubuhi na fimbo mpya tatu, tukaondoka saa saba mchana bila hata changu mmoja. Samaki wameisha? (Baba wa wanne, Maweni)

Marahaba. Samaki wapo, nyinyi ndio mliowakimbia. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa sana, na siku za bamvua huku kwetu maji hupwa saa nne na ushei asubuhi, yakaja kujaa saa kumi na ushei jioni. Kwa hiyo mlifika maji yanatoka, mkakaa nayo yakiwa chini kabisa, na mlipoanza kukunja mishipi ndipo yalipokuwa yanaingia kwa nguvu na samaki wanafuata chakula. Mngekula wali wenu nyumbani, mkaja saa saba.

Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Hesabu hiyo haina gharama, lakini watu wako tayari kutoa maelfu dukani kuliko kuinua macho usiku. Ukitaka kwenda na watoto asubuhi, subiri wiki moja baada ya mwezi mpevu. Hapo ni maji mafu: yanajaa karibu saa nne asubuhi, mkondo ni mpole, chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, inatulia mahali pake na mtoto anaihisi ndoana ikiguswa.

Tena umeniambia "fimbo tatu" lakini chambo hukukitaja.

Chambo gani ni bora kuliko vyote? (wasomaji sita, maneno yale yale)

Kamba mbichi. Kamba wakikosekana, ngisi. Mwakani msiniulize tena.

Tukiwa kwenye boti ya vioo ndani ya hifadhi ya bahari, naweza kuteremsha mshipi mmoja tu watoto wafurahi?

Hapana. Hifadhi ya Malindi ilitengwa mwaka 1968, na ndani yake hakuvuliwi kitu, wala hakuokotwi kombe. Na ule mkate mnaowarushia samaki wajae chini ya vioo, acheni pia. Samaki wa mwambani kazi yake ni kula mwani na wadudu, si kungoja mabaki ya chai yenu.

Mjukuu wangu ana miaka saba. Baba yake ataka kumnunulia fimbo yenye rili. Nasi twakaa Shela. (Bibi)

Bibi, shikamoo. Mwambie baba yake pesa hizo anunue viatu vya shule. Mtoto aanze na mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki, ndoana ndogo, chubwi nyepesi. Kijino cha ndoana mkibane kwa koleo, maana siku moja itaingia kidoleni, na ndoana isiyo na kijino hutoka bila kilio kirefu. Mpelekeni penye mchanga kando ya mikoko, si ndani ya mizizi, ama mtashinda mkikata mishipi. Chaa na changu wadogo watamfundisha. Walio chini ya kiganja warudi majini. Jambo hilo afundishwe siku ya kwanza, kwani wazee wengi sokoni hawakufundishwa, na matokeo tunayaona kwenye beseni zao.

Akichomwa na mwiba wa hongwe, tieni mkono katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kisha nendeni hospitali.

Kijana wangu alivua bunju akajivimbisha kama mpira. Jirani asema akipikwa vizuri huliwa.

Jirani asiwapikie kitu chochote. Sumu ya bunju haiishi kwa moto, na haina dawa ya kuikata.

Mimi ni mwalimu Malindi. Likizo nataka kuipeleka familia Nyeri tukavue trauti. Je, naweza kurudi na vifaranga niwatie mto Sabaki? (Mwalimu)

La pili kwanza: usithubutu. Trauti anataka maji ya baridi, nyuzi 10 hadi 16 ndizo za raha yake, yakipita 20 anaanza kuhangaika. Sabaki ni vuguvugu na ni tope. Angekufa kabla hujafunga mlango wa gari. Na wewe ukingoni ungekuwa na viboko na mamba. Watoto msiwapeleke kule, hata kwa mshipi wa kawaida.

Nyeri nendeni. Trauti si wa asili yetu. Mayai yake yaliletwa kutoka Scotland yakatiwa mto Gura, Aberdare, mwaka 1905, na leo wako hata Sagana na Thego, mito ya Mlima Kenya. Huvuliwa kwa nzi wa bandia anayeelea, kwa kuwa trauti hukaa ameelekea mkondo akingoja wadudu waletwe na maji. Mkaribieni kutoka nyuma yake, bila kelele. Mvua ikinyesha na mto ukachafuka, kaeni hotelini, hamtapata kitu.

Tafuteni leseni mapema. Ndani ya hifadhi ya taifa kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori, hulipwa mbali, na msituni kuna nyati na tembo, basi msitembee bila mwenyeji. Kwa watoto wadogo, ulizeni kwanza mashamba yanayofuga trauti mabwawani. Na masweta, mwalimu. Watu wa Malindi hufika kule na kanzu za Ijumaa.