Mwongozaji ninayemkubali, na kama Hollywood imeishiwa

Mkuu, umeuliza namkubali mwongozaji gani na kama kweli Hollywood imeishiwa hadithi mpya. Wangu ni Djibril Diop Mambéty wa Senegal. Alitengeneza filamu ndefu mbili tu! Kwenye Touki Bouki (1973) kuna pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe, pembe zimetokeza mbele ya usukani. Ukiiona mara moja haikutoki kichwani. Hyènes (1992) aliitoa kwenye tamthilia ya Mswisi, Dürrenmatt, lakini ukiitazama ni Senegal tupu. Kwa hiyo kuazima hadithi si dhambi. Shida ya Hollywood ni woga wa wenye hela: mwaka 2019, filamu tano zilizoongoza kwa mapato duniani zote zilikuwa miendelezo, marudio au mashujaa wa vitabu vya katuni. Mimi nikiona namba 4 mwisho wa jina la filamu, napita.