Panda kwa Kufuata Mizizi: Ushauri kwa Wanaotunza Miti ya Milimani

Watu wengi wanaopanda miti milimani huikagua kwa kutazama majani. Jani jipya likichomoza wanasema mche umeshika. Majani yakinyauka wanakimbilia kumwagilia maji. Katika miaka niliyofanya kazi ya vitalu na upandaji pembezoni mwa misitu ya Usambara Magharibi, wilayani Lushoto, nimezoea kukagua kwanza ardhini, kwa sababu mche unaweza kutoa majani mapya kwa akiba iliyomo ndani ya shina lake huku mizizi yake ikiwa haijatoka hata kidogo nje ya udongo uliokuja nao kutoka kitaluni. Mche wa namna hiyo hupendeza mwezi Mei na hufa mwezi Septemba. Ushauri wangu wote unatokana na jambo hilo: ratiba ya kazi, kuanzia kuchimba mashimo hadi kupogoa matawi, ifuate majira ya mizizi.

Kwanza tujue mizizi iko wapi. Ipo mizizi minene inayoushikilia mti, ambayo huishi miaka mingi na kunenepa kadiri shina linavyonenepa. Lakini kazi ya kunyonya maji na virutubisho hufanywa zaidi na mizizi midogo, yenye unene usiozidi milimita 2, na sehemu kubwa ya mizizi hiyo hukaa katika sentimita 30 za juu. Katika misitu ya baridi na ukungu mingi huwa juu zaidi ya hapo, ndani ya tabaka la majani yaliyooza nusunusu, kabla hujaufikia udongo wenyewe. Chanzo chake ni baridi: kila unapopanda mita 100 joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi, uozaji hupungua kasi, mboji hurundikana na virutubisho hubaki vimefungwa humo, basi mti huvifuata huko huko viliko. Katika milima ya Andes, kusini mwa Ekuado, watafiti waliopima misitu kuanzia mita 1,000 hivi hadi 3,000 juu ya usawa wa bahari walikuta kwamba miti inazidi kuwa mifupi kadiri unavyopanda, ilhali wingi wa mizizi midogo unaongezeka mara kadhaa. Msitu mfupi wa kileleni unaodharauliwa kwa umbo lake una mali nyingi ardhini.

Njia nzuri ya kulithibitisha hili ni kupiga magoti chini ya mkulo mkubwa, mti wa asili wa misitu ya milimani, baada ya mvua za kwanza na kufunua majani makavu kwa vidole, bila jembe. Chini ya majani ya mwaka huu utakuta mengine meusi, laini, yaliyoshikana, na kati yake mtandao wa mizizi myembamba. Mingine ina ncha nyeupe, imara, zinazong'aa kwa unyevu, hiyo inakua. Mingine imegeuka rangi ya kahawia lakini ukiikunja haikatiki upesi. Hiyo ni hai bado, ingawa imekomaa. Kisha ipo iliyokunjamana, nyeusi, ambayo ukiivuta taratibu ngozi yake inavuka kama soksi na kukuachia uzi mwembamba mkononi. Hiyo imekufa. Kuona yote matatu ndani ya kiganja kimoja cha mboji ni jambo la kawaida katika mti wenye afya, na sipendi mtu ashtuke anapoikuta iliyokufa.

Mzizi hukua kwa ncha. Mbele kabisa pana kofia ya seli zinazotoa ute, unaousaidia kupenya kati ya chembe za udongo. Nyuma yake seli hugawanyika na kurefuka. Nyuma zaidi huota vinyweleo vinavyofyonza maji, ambavyo huishi siku au wiki chache tu. Mzizi wenyewe mdogo huweza kuishi wiki kadhaa au miaka michache, kutegemea aina ya mti na hali ya udongo. Ukame huua mizizi mingi ya juu, maji yaliyotuama huikosesha hewa, viwavi na minyoo ya udongo huitafuna, na kuvu huishambulia. Hata pasipo adui, mti unatumia sukari kuulisha kila mzizi, na mzizi ulio katika sehemu iliyokauka au isiyo tena na chakula haudumu. Mvua zikirudi, mti hutoa mizizi mingine, mara nyingi sehemu tofauti na ya awali. Iliyokufa huoza na kuwa mboji, na vijitundu inavyoacha hupitisha maji ya mvua kwenda chini badala ya kutiririka juu ya ardhi. Chemchemi za milimani zinategemea sana vijitundu hivyo, na hapa ndipo huwa nasikitika ninapoona mtu akifagia msitu ili “uwe msafi”.

Kutokana na hayo, wakati wa kupanda kwetu ni mwanzoni mwa masika, mara udongo unapokuwa umelowa hadi kina cha shimo lako. Usisubiri mvua zikolee hadi mwishoni mwa Aprili. Mche unahitaji majuma mengi ya udongo wenye unyevu na joto ili mizizi ivuke mpaka wa udongo wa kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea mche, na kuingia katika udongo wa mlima, na inapofika Juni baridi ya kipupwe huipunguza kasi. Ukichelewa, kiangazi kitaukuta mche ungali unakunywa kutoka katika konzi ile ile ya udongo wa kitaluni.

Viriba vinastahili uangalifu mkubwa. Mche uliokaa kitaluni kupita kiasi huzungusha mizizi chini ya kiriba, na mzizi uliozoea kuzunguka huendelea hivyo hata ukiwa shambani, hadi miaka kadhaa baadaye mti unapong'olewa na upepo kwa sababu haukujishikiza popote. Siku ya kupanda, ondoa kiriba chote, chana kwa wembe mistari miwili au mitatu ya juujuu ubavuni mwa udongo, ukate mizizi iliyojiviringa chini; kila palipokatwa patachipua mizizi mipya inayoelekea nje. Kitaluni, inua viriba mara kwa mara ili mizizi inayopenya ardhini ikatike ingali midogo. Usifukie shingo la mche, yaani pale shina linapokutana na mizizi, kwani mizizi inayofunikwa kwa kina hukosa hewa, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi.

Baada ya kupanda, ficha jembe. Palilia kwa kung'oa au kufyeka, kisha tandaza majani makavu kuzunguka mche bila kuyagusisha shina. Kulima chini ya mti wa mlimani hata kwa kina cha sentimita 10 ni kukata sehemu ile ile inayoulisha, na ng'ombe wakipita hapo kila siku hugandamiza udongo mpaka mizizi ikose nafasi na hewa. Ukipogoa, usiondoe matawi mengi kwa mara moja wakati wa kiangazi: majani yakipungua ghafla, sukari inayoshuka ardhini hupungua, na mizizi midogo hufa wakati mti unaihitaji zaidi. Kuhusu moto, nitasema kwa kifupi. Moto unaopita juu ya nyasi huonekana na kuzimwa. Unaoingia ndani ya mboji huweza kufuka kwa muda mrefu ukiunguza mizizi, na mti ulioonekana kupona huanguka baadaye.

Mizizi pia haifanyi kazi peke yake. Miti mingi ya misitu yetu huishi na kuvu ndogo zinazoingia ndani ya mizizi na kuipelekea madini, hasa fosfori, nazo hupewa sukari. Kwenye mizizi ya podo, mti mwingine wa asili wa milimani, utaona vijinundu vingi vidogo ambamo kuvu hizo hukaa. Misindano (paini) ilipoletwa Afrika Mashariki, miche yake ilidumaa hadi ilipochanganyiwa udongo uliotoka chini ya misindano iliyokwisha kustawi. Kwa miti ya asili, nachanganya kwenye udongo wa kitalu kiasi kidogo cha mboji kutoka chini ya mti wa jamii ile ile uliomo shambani mwa mtu. Haifai kuingia hifadhini kuchota udongo bila kibali.

Mkulo unahitaji maelezo yake peke yake. Mbegu zake hazipatikani kwa uhakika, na nyingi huharibiwa na wadudu. Kwa sehemu kubwa mti huu hujirudisha kwa machipukizi yanayotoka kwenye visiki na kwenye mizizi. Mkulo uliokatwa unaweza kuwa na mizizi hai inayochipua mita kadhaa kutoka kwenye kisiki. Kwa hiyo, mwenye shamba linalopakana na msitu ambalo zamani lilikuwa na mikulo asing'oe visiki. Azuie mifugo, aache machipukizi yafike urefu wa goti, kisha achague yaliyonyooka na yaliyo mbali na kisiki kinachooza, akiyapunguza mengine kidogo kidogo. Kuchimba chipukizi na kulihamisha mara moja ni kuliua, maana kwa muda mrefu hutegemea mzizi wa mama. Mizizi yake yenyewe huja baadaye.

Kanuni hii ya kuacha visiki ina jambo la kuangalia. Kuvu ya Armillaria, ambayo wakulima wa chai na kahawa wanaijua kwa hasara zake, hukaa katika visiki na mizizi iliyokufa, kisha huhamia miti hai pale mizizi inapogusana. Ukibandua gome chini ya kisiki na kukuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga, usipande karibu yake, na hapo kung'oa kisiki pamoja na mizizi yake mikubwa kuna haki.

Nimeacha mteremko uliokatwa miti kuwa wa mwisho kwa sababu ndio unaoniogofya zaidi. Mti ukikatwa na usichipue, mizizi yake haiachii udongo siku ile. Midogo huoza kwanza, minene hufuata, na nguvu ya kushikilia mteremko hupungua mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana hatari ya maporomoko mara nyingi huwa kubwa miaka kadhaa baada ya kukata, wakati watu wamekwisha kusahau. Februari 1970, mvua kubwa ya saa chache ilipiga eneo la Mgeta, magharibi mwa Milima ya Uluguru, ikasababisha maporomoko zaidi ya 1,000. Uchunguzi ulionyesha kwamba karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi, na machache mno yalianzia penye miti. Mizizi haizuii poromoko la kina kirefu, lakini yale ya juujuu, ambayo ndiyo mengi, huyazuia sana.

Panda basi masika ya kwanza baada ya ukataji, mizizi ya zamani ingali na nguvu. Panda katikati ya visiki, mistari ikikingama mteremko, ukichanganya miti ya asili ya aina mbalimbali. Usichome masalia, yalaze kwa kukingama mteremko. Vichaka na nyasi vilivyo kati ya mistari uviache visimame, hadi siku utakapofunua mboji kwa vidole na kukuta mizizi ya mstari mmoja imekutana na ya mstari wa pili.