Wasomaji Wauliza: Gundi Iliyong'ang'ania Kanzu, Chupa na Sweta

Swali: Supaglu kwenye kanzu ya Idi

Asalaam aleikum. Mume wangu alikuwa akibandika soli ya kiatu kwa ile gundi ya kichupa kidogo tunayoiita supaglu, matone mawili yakadondokea kanzu nyeupe aliyoshonewa kwa ajili ya Idi. Nimeiloweka usiku kucha katika maji ya moto na sabuni ya unga, lakini pale palipodondokewa pamebaki pagumu kama plastiki, na jirani amenishauri nitumie petroli. Je, kanzu hii itapona? *Msomaji, Tanga.*

Jibu

Waaleikum salaam, dada yangu. Nakuomba kabla ya yote uiache petroli huko huko ilipo. Haitaiyeyusha gundi hiyo, mvuke wake hushika moto kwa urahisi mno, na harufu yake itaganda kwenye kanzu kwa siku nyingi. Maji ya moto nayo yalikuangusha kwa sababu ambayo wengi hatuifikirii: supaglu haikauki kwa kupoteza maji kama gundi nyeupe ya mbao, bali hugandishwa na unyevu, hata ule mdogo uliomo hewani na kwenye nyuzi za kitambaa. Kiini chake ni kemikali iitwayo sianoakrilati. Watafiti wa Marekani waliokutana nayo mwaka 1942 waliiweka kando kwa kuwa ilinata kwenye kila ilichogusa, na haikuanza kuuzwa hadi mwaka 1958.

Kinachoilegeza ni asetoni, ambayo utaipata katika dawa ya kufutia rangi ya kucha. Soma maandishi ya chupa kabla ya kulipa, kwa sababu zipo zisizo na asetoni, na hizo hazitakusaidia sana. Chagua pia ile isiyo na rangi wala mafuta, isije ikakuachia doa jingine. Kisha ichunguze kanzu yenyewe. Pamba na poliesta huistahimili asetoni, lakini kitambaa cha asetati au triasetati huyeyuka chenyewe kabla ya gundi. Jambo hili nalisema kwa uchungu, kwani niliwahi kudondoshea asetoni mtandio wa mama yangu uliokuwa ukimeremeta kama hariri, na nilipoinua pamba niliyokuwa nikigusia, kipande cha mtandio kiliinuka nacho kikiwa laini kama utando wa maziwa. Kwa hiyo anza na upindo wa ndani, mahali pasipoonekana: weka tone moja, subiri dakika kumi, kisha ugandamize kitambaa cheupe juu yake uone kama kuna rangi iliyotoka au uzi uliolegea. Kama kola ina tarizi ya uzi wa rangi, ijaribu nayo peke yake.

Ukiridhika, fungua madirisha, zima jiko, na uhakikishe hakuna mwenye sigara karibu, maana asetoni nayo inashika moto upesi. Kunja kitambaa cheupe cha pamba mara nne, kilaze mezani juu ya sahani ya udongo au ya kioo, kisha ulaze kanzu juu yake, upande wenye gundi ukitazama chini. Gusagusa mgongo wa doa kwa pamba iliyolowa asetoni, bila kusugua, ili gundi inayolegea ishuke kwenye kitambaa cha chini badala ya kutambaa pembeni. Kila baada ya dakika chache hamisha kitambaa hicho upate sehemu kavu. Mwanzoni utaona kana kwamba hakuna kinachotokea. Kisha lile ganda, ambalo ulipolikunja lilikuwa likilia kama ganda la yai, litaanza kupinda kimya kimya na kugeuka kama ute mzito. Hapo ndipo unapoligeuza upande wa juu na kulikwangua taratibu kwa ukingo wa kijiko. Rudia hata mara tano au sita. Mwishowe ifue kanzu kwa sabuni, isuuze vizuri, ianike, na usiipige pasi mpaka uwe na hakika kwamba hakuna kilichobaki.

Na siku nyingine gundi hii ikimwagika ikiwa bado mbichi, msiifute kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Ikikutana na nyuzi za pamba au sufu huganda kwa kasi na kutoa joto kali linaloweza kuunguza ngozi. Vidole vikishikana, viloweke katika maji ya vuguvugu yenye sabuni na uviachanishe polepole bila kuvivuta kwa nguvu. Ikiingia jichoni, nenda hospitali.

Swali: Mabaki ya lebo kwenye chupa na friji

Nauza achari ya maembe katika chupa za kioo zilizokwisha kutumika. Nikibandua lebo za zamani hubaki kitu chenye kunata kinachokusanya vumbi. Nimesugua kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, na sasa chupa zina mikwaruzo. Mlango wa friji yangu nao una mabaki ya stika za watoto. *Msomaji, Nairobi.*

Jibu

Gundi ya lebo imetengenezwa isikauke kamwe, ndiyo maana hunata hata baada ya miaka, na maji huteleza tu juu yake. Adui yake ni mafuta. Paka mafuta ya kupikia ya kawaida, acha nusu saa, kisha sukuma kwa kidole gumba: utaiona ikijiviringa kuwa vijipunje vya kijivu kama makombo ya kifutio cha penseli. Vifute, halafu osha chupa kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto mpaka kioo kisiteleze tena. Mafuta ya taa yanafanya kazi hiyo pia, lakini kwa chombo cha chakula siyapendekezi hata kidogo.

Kwa friji, ipulizie stika hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele kabla ya kuibandua, na mabaki yake uyatoe kwa mafuta yale yale. Asetoni usiisogeze hapo, wala kwenye ndoo na mikebe ya plastiki, kwani huifanya plastiki ipoteze mng'ao au ilainike. Meza ya mbao iliyopakwa vanishi nayo itosheke na mafuta kidogo. Spiriti huweza kuondoa vanishi pamoja na gundi.

Swali: Gundi ya panya

Sweta ya shule ya mwanangu imeangukia ubao wa gundi ya panya. Nifanyeje? *Msomaji, Moshi.*

Jibu

Usiitie majini, na usiiweke pamoja na nguo nyingine. Kwangua iliyo nene kwa kijiko, mimina mafuta ya kupikia juu ya iliyobaki, uyafikiche kwa vidole hadi nyuzi ziachane, kisha pangusa kwa kitambaa kikuukuu. Baadaye paka sabuni ya vyombo ikiwa kavu, bila maji, ikae robo saa ili ishike mafuta, ndipo ufue kwa maji ya vuguvugu. Huenda ukahitaji kufua mara mbili kabla ya alama ya mafuta kutoweka.